Beseni la Kunawia

Mimi ni mtu wa maneno mengi, Kamembe nzima wananijua. Miaka yote ile ya vita nilikuwa nakaanga maandazi mlangoni kwangu na kugombana na kila aliyepita. Lakini kuna siku maneno yaliniishia, na hadi leo nikiikumbuka nasikia hasira isiyo na pa kwenda.

Mama mmoja alivuka kutoka Kongo wakati wakimbizi walipokuwa wakirudi huku kwetu kwa wingi, miguu imevimba, hana hata mkeka. Nikampa chumba cha uani. Hatukuwa ndugu. Alinisaidia kukanda unga, akawa anawasuka wasichana wangu nywele na kuwavuta mpaka wanalia. Siku moja mume wangu, fundi cherehani na mtu wa sala tano, alimwuliza anasali wapi. Akajibu bila kuinua macho: "Baliotuuza kwa benye bunduki, tulisali nabo Jumapili. Mimi nilimaliza sala, papa."

Kifua kilipombana, alinishika mkono. "Maman, nikikufa munifunike muzuri, munizike kama muntu. Lakini batu basiniombee. Basitaje Mungu juu yangu. Uniahidi."

Nikaahidi. Ungefanya nini? Mtu anakata roho mbele yako, uanze kubishana naye?

Alifariki asubuhi. Nilimwosha mwenyewe, midomo nimeibana, maana ulimi wangu ulikuwa unaitafuta bismillahi kila nilipochota maji. Mume wangu alitoa kitambaa cheupe dukani kwake. Nikaenda kwa kiongozi wa mtaa kuomba mahali pa kuzika.

"Alikuwa wa dini gani?"

"Hakuwa na dini."

"Aa, maman! Kila muntu iko na kwabo. Islamu wana makaburi yao, wakristo yao. Huyu nimupeleke wapi?"

Sheikh wetu aliniambia kwa upole kwamba haiwezekani, makaburi yale ni ya Waislamu. Katekista alikuwa tayari kuja palepale na rozari yake: "Sala moja tu, maman, itamuumiza nani?" Watu wazuri wote! Hilo ndilo lililoniudhi. Hakuna aliyemdharau, ila kila mmoja alitaka kwanza ajue huyu ni wa nani. Sasa asiye wa yeyote je? Mwishowe kiongozi akatupa pembe moja chini ya mikaratusi, njia ya kwenda Mururu, wanakozikwa wasio na wenyewe.

Majirani walikuja, hilo siwanyimi. Walichimba, wakambeba, wakamshusha taratibu. Watu hawakujua wafanye nini na mikono yao. Mzee mmoja, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, akaanzisha wimbo wa kanisani.

"Hapana, mzee," nikasema. "Aliniomba."

Akaukata wimbo, uso umemshuka. Wote wakanitazama mimi. Nikasema alikuwa anajua kukanda unga. Nikasema alivuka kwa miguu yake. Nikasema watoto wangu watamkumbuka. Basi, nikawa nimemaliza, na kaburi bado liko wazi. Heshima ya maiti mimi nilifundishwa pamoja na dua, sikuwekewa nyingine pembeni. Nilisimama pale kama mjinga. Nyuma yangu mtu akasema, wala hakunong'ona: "Hivi ndivyo banazika imbwa." Nilitaka kumrukia. Udongo ukaanza kuingia.

Kwetu, uwe wa msikiti au wa misa, mkitoka kuzika mnapita kwa mfiwa kunawa mikono, mnakaa kidogo, mnazungumza. Aliyefiwa hapo nilikuwa mimi, hakukuwa na mwingine. Nilikuwa nimeweka beseni mlangoni tangu asubuhi, na jagi, na kipande kipya cha sabuni, na maandazi yamefunikwa ndani. Nikawahi nyumbani, nikasimama kando ya beseni.

Wakaja wakishuka barabara, udongo umewakauka vidoleni. Wakanisalimia vizuri tu. "Pole, maman." "Poleni na nyie." Wakapita.

Mume wangu alikuwa wa mwisho. Alisimama, akalitazama beseni, akanitazama na mimi. Nikamwinulia jagi.

"Nitanawa msikitini," akasema.

Nikanawa peke yangu. Nikangoja mpaka jioni, nikayamwaga maji, yalikuwa bado meupe, hayana hata chembe ya udongo.