Mama Vifungo na Mdoli wa Plastiki

"Shikamoo yako baki nayo," Mama Vifungo alimwambia mtafsiri wa filamu, kisha akaumwaga mfuko wake juu ya meza ya mashine. Midoli kumi na mmoja ikadondoka katikati ya nyaya, mingine kichwa chini, mingine miguu juu. "Haya, nionyeshe. Katika hawa, ni yupi aliyemnyonga mtu? Mshike mkono, mtoe mbele, nimwone!"

"Mama, tuongee taratibu..."

"Taratibu ulipokuwa unanitangaza kwenye spika ulikuwa umeiweka wapi?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, banda la video bado tupu. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, madirisha yamefunikwa kwa vitambaa vyeusi, na mtafsiri, ambaye mtaa mzima ulimwita Sauti, alikuwa anafagia maganda ya karanga ya jana. Alikuwa kijana mwembamba kama mti wa fagio alilolishika, lakini akishika kipaza sauti anakuwa watu kumi: baba mwenye nyumba, mke wake, polisi, mtoto anayelia, hata mbwa. Filamu ziliingia kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua, naye akakaa kando ya televisheni na kuwasemea wote. Pale ambapo hakuelewa, alitunga. Na mara nyingi hakuelewa.

Kosa lake lilianzia hapo.

Juma lile banda lilikuwa linaonyesha filamu ya zamani ya kutisha, ile ya mdoli ambaye watu wakigeuka anashuka kabatini na kutembea. Mtoto mwenye mdoli anasema, mama yake hamwamini, na kila asiyeamini anapatikana sakafuni amekodoa macho. Jumanne watazamaji walianza kupiga miayo. Sauti akaona biashara inamfia mkononi, akachomeka utani: "Mnamwona huyu mdoli jinsi alivyonuna? Huyu kashonwa na Mama Vifungo pale kona! Ndiyo maana hacheki!" Benchi la nyuma lilianguka kwa kicheko. Utani uliofanya benchi lianguke hauachwi. Sauti akaurudia Jumatano, akaurudia Alhamisi, na Ijumaa akauongezea chumvi, kwamba Mama Vifungo huwa anawanong'oneza midoli yake majina ya watu kabla ya kuwashona mdomo.

Banda lilikuwa na spika mbili. Moja ndani. Nyingine mwenye banda aliipandisha juu ya paa na kuielekeza barabarani, ili wapita njia wavutike. Waliokuwa ndani walisikia na kuona, wakacheka. Waliokuwa nje walisikia tu.

Na nje walikuwa watoto.

*

Mama Vifungo hakuanza kushona midoli kwa kupenda michezo. Utotoni mwake hakuwahi kuwa na mdoli. Alikuwa na wadogo zake watatu, akiwabeba mgongoni kwa zamu. Alimaliza darasa la saba, akaingia kiwanda cha sare, akasimama kwenye meza ya kukata miaka kumi na tisa. Mkasi wa pale ulikuwa mzito mpaka kidole gumba chake cha kulia kikapinda, na mpaka leo kimepinda. Siku kiwanda kilipofungwa, wenzake walilia getini. Yeye alirudi ndani, akajaza magunia mawili kwa mabaki ya vitambaa ambayo yangechomwa, na kopo zima la vifungo vya mashati, akapita mbele ya mlinzi bila kugeuza shingo.

Mdoli wa kwanza alimshonea mjukuu wake aliyekuwa na surua. Wa pili aliombwa na jirani. Baada ya hapo hakuhesabu tena. Mwili wa kitambaa cha sare, ndani sponji iliyokatwa vipande vidogo na kushindiliwa kwa kijiti, nywele za uzi wa sweta, macho ya vifungo vya matundu manne, kila kifungo kinapitishwa uzi mara nane na kuvutwa kwa meno. Mtoto aweze kumkokota mdoli, kumfua, kumtupa kisimani na kumwopoa, macho yabaki palepale. Mdomo alishona mstari mmoja ulionyooka.

"Mama, mtie hata tabasamu kidogo," wateja walimwambia.

"Mtu anayecheka saa ishirini na nne ana lake jambo," alijibu. "Mtoto akifurahi atamwona anafurahi. Akinuna, atapata mwenzake."

Na watoto walielewa hivyo. Mpaka Jumanne ile.

Msusi, ambaye saluni yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na banda, alisikia spika akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Kichwa kilipoisha, habari ilishaota miguu. Mdoli wa binti yake alimtumbukiza kwenye ndoo ya maji na kumwekea jiwe juu, asije akatoka. Jioni ileile mama wengine watatu walijua. Alhamisi asubuhi Mama Vifungo alifungua mlango akakuta midoli minne kizingitini, mmoja amefungwa kamba mikono na miguu kama mwizi. Kufikia Ijumaa ilikuwa kumi na mmoja. Watoto waliokuwa wakimkimbilia na kumwuliza wa nani anashonwa leo, sasa walivuka barabara wakifika mlangoni pake. Mmoja alifumba macho kabisa, akajigonga kwenye nguzo ya umeme.

Lakini kilichomtoa nyumbani Jumamosi akiwa hajafunga hata kitambaa cha kichwa vizuri kilikuwa kingine. Shule ya chekechea ilikuwa imemwagiza midoli thelathini, mmoja kwa kila mtoto wa darasa jipya, na kuahidi hivyo kila mwaka. Tangu kiwanda kifungwe hakuwa amewahi kupata kazi ya kumhakikishia mwaka unaokuja. Ijumaa jioni mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Shikamoo, mama. Mimi mambo hayo siyaamini hata kidogo. Lakini wazazi saba wameniambia mtoto wao hatamgusa huyo mdoli. Nimlazimishe nani? Yakitulia, Jumatatu saa mbili niletee. Yasipotulia, itabidi ninunue ya dukani."

"Marahaba," alijibu Mama Vifungo. Mwalimu alipoondoka, aliuma uzi mpaka fizi ikatoa damu.

*

"Walicheka, mama," Sauti alijitetea sasa, fagio kifuani. "Wallahi ndani walicheka wote. Hakuna aliyeogopa."

"Na nje?"

"Nje..." Alitazama juu, kama vile spika ingemjibu kupitia bati. "Nje sikuwafikiria."

"Hukuwafikiria. Umepanda juu ya paa unapiga kelele kama jogoo, halafu waliosikia hukuwafikiria." Mama Vifungo alivuta benchi la mbele, akakaa. "Niwekee hiyo picha."

"Sasa hivi? Mama, hiyo inatisha."

"Nimefungiwa kiwanda, nimezika mume, na nimeona midoli yangu imefungwa kamba. Niwekee."

Sauti akaweka. Mama Vifungo alitazama, mikono yake ikiwa mapajani, kidole kilichopinda kikigonga goti. Muziki ukapanda, mlango ukafunguka wenyewe, mdoli akajitokeza juu ya ngazi amevaa viatu vidogo vyekundu. Sauti mwenyewe, aliyekwisha kuiona mara nyingi, alirudi nyuma hatua moja.

"Simamisha!"

Picha ikaganda. Mama Vifungo aliinuka, akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Huyu ni wa plastiki," alisema polepole, na hasira ikampanda upya, safari hii ya fundi. "Tazama bega. Tazama hapo mkono unapoingilia, kama mguu wa meza. Macho ya kioo, ya kufumba na kufumbua. Huyu katoka kiwandani ndani ya boksi! Ana mshono gani huyu? Nionyeshe mshono mmoja! Na anacheka! Meno yote nje! Wewe ulisema kanuna kama wangu. Yuko wapi aliyenuna?"

Sauti alitazama. Hakuwa amemtazama mdoli vizuri siku zote hizo. Alikuwa anatazama watu.

"Kweli anacheka," alikiri.

"Na huyo mama yake mtoto naye! Mtoto anamwambia mara tatu, yeye anajipaka rangi kucha." Akarudi kukaa, akakunja mikono. "Utani wako umeusema mara ngapi?"

"Mara nne."

"Basi unadaiwa mara nne. Si pesa, pesa zako sina haja nazo. Leo kuna maonyesho mangapi?"

"Mawili. Saa tisa na saa kumi na moja. Na kesho hivyohivyo."

"Hesabu imekubali yenyewe. Mara nne, kwenye spika ileile ya juu, utasema huyu mdoli ni wa plastiki, hajashonwa na mtu, na ya kunong'ona majina uliyatunga wewe. Mimi nitakaa hapa nisikilize."

"Mama, mwenye banda atanifukuza! Filamu ya kutisha ukiwaambia watu mdoli ni plastiki, nani ataogopa?"

"Utafute cha kuwatisha kingine. Mimi nimeshatumika."

*

Saa tisa alikuwa benchi la mbele, kikapu cha kazi miguuni, anamshindilia mdoli sponji gizani kwa kupapasa. Sauti alisubiri mahali ambapo muziki ulikuwa mkubwa kuliko pote, akanong'ona haraka haraka, "Mdolihuyuwaplastikihajashonwa," akaendelea na polisi.

"Hiyo sijaihesabu!" Mama Vifungo alipaza sauti. "Rudia! Muziki ukinyamaza!"

"Mama, kaa chini, unatuzibia," mtu wa nyuma akalalamika.

"Wewe uliyecheka ukaangusha benchi, subiri zamu yako."

Sauti alirudia. Safari hii ilisikika mpaka barabarani, ikiwa na aibu yote ndani yake. Saa kumi na moja aliisema vizuri zaidi, maana alishaona watu wameipenda: mara tu aliposema "tazameni bega, kama mguu wa meza," wote waliinamisha shingo kutazama bega.

Jumapili, kabla ya onyesho la tatu, msusi alimsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Jirani, sasa umehamia bandani?"

"Nimehamia. Wako umemtoa kwenye ndoo au bado anaogelea?"

"Mimi nilisikia kwa masikio yangu."

"Masikio unayo mawili, na macho mawili. Ukuta wa saluni yako na mlango huu ni hatua sita. Ungezipiga hizo hatua sita ukatazama, mtoto wako asingekojoa kitandani."

Msusi aliteremsha mikono kutoka kiunoni. Kisha akaingia, akakaa benchi la tatu, akamtazama mdoli wa plastiki kuanzia utosini mpaka viatuni akiwa amejifunika nusu ya uso. Sauti aliposema maneno yake, msusi alitoka nje, na muda si mrefu Mama Vifungo alimsikia kupitia ukutani akimwita binti yake: "Njoo umchukue! Mkamue vizuri kabla hujamwanika!" Hakuomba radhi. Mama Vifungo naye hakuitarajia, ila alimvuta uzi mdoli aliyekuwa mkononi mpaka kifungo kikazama.

Onyesho hilo lilipokwisha, mwalimu mkuu alikuwa amesimama barabarani na mwavuli wake, chini ya spika.

"Shikamoo, mama. Nimesikia. Na wazazi wamesikia." Alikunja mwavuli. "Thelathini itakuwa tayari?"

"Ijumaa ulitaka ya dukani."

"Mama, nami nina watu juu yangu."

"Kila mtu ana watu juu yake. Mimi nilikuwa na spika." Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akasema: "Ishirini na miwili imekwisha. Minane haina macho. Kesho saa mbili utaikuta mlangoni kwako."

Saa kumi na moja banda lilijaa. Mlango ukafunguka wenyewe, viatu vyekundu vikajitokeza juu ya ngazi, muziki ukanyamaza. Sauti alivuta pumzi, akasogeza kipaza sauti mdomoni.

Kabla hajatamka, kelele ililipuka nje ya ukuta, chini ya spika ya juu, sauti nyembamba nyingi za watoto kwa pamoja: "Ni wa plastikiii! Hajashonwaaa!" Halafu moja iliyochelewa, peke yake: "Ana bega la meza!"

Banda likaangua kicheko. Sauti alibaki kipaza sauti hewani, akamgeukia yule mama wa benchi la mbele. Lakini Mama Vifungo alikuwa tayari anatia mkasi kikapuni na kuzungusha uzi kwenye kibao chake.

"Mama, bado hii moja," alinong'ona, kiganja kimeziba kipaza sauti. "Sijaisema."

"Umeshalipiwa," alisema Mama Vifungo, akasimama bila kujali anamzibia nani. "Deni limekwisha. Ila hiyo spika ya juu kesho uigeuze itazame mabenchi, wenye kutishwa wawe waliokuja kutishwa."

Akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka.