Matawi ya Mchikichi Mbele ya Yoti

Mimi ni fundi cherehani, na maji nayaogopa. Nalisema mapema ili mtu asije akanisifu kwa ujasiri ambao sina. Nyumba yetu hapa Kalemie iko kilimani, na ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote, lakini mama huweka kiti chake nyuma, upande wa mihogo. Alianza hivyo mwaka ambao baba alivuka kwenda kuuza unga ng'ambo na mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waliokotwa. Yeye hakuonekana mpaka leo.

Miaka miwili iliyopita, katikati ya kiangazi, iliingia bandarini yoti nyeupe ya wazungu wawili wazee, mume na mke, waliokuwa wakizunguka ziwa kwa starehe tu. Watu wetu walishindwa kulielewa jambo hilo. Kwetu mtu anavuka kwa sababu ana samaki, ana unga, au ana mgonjwa. Hawa hawakuwa na chochote ila kofia zao pana na tanga lililopasuka, wakaelekezwa kwangu.

Tanga lile lilinitoa jasho. Kitambaa chake kilivunja sindano za cherehani moja baada ya nyingine, nikamalizia kwa mkono, kwa uzi wa nyavu, nimekaa sakafuni barazani siku tatu. Mzee alipolikagua alifurahi mno. Alikuwa na Kiswahili cha Kigoma alichojifunza kwenye vitabu, kila sentensi ina "tafadhali" yake. Akaniomba, tafadhali, niende nao kisiwani kaskazini, tulale siku moja, turudi, ili mshono nikiuona unalegea niukaze hapo hapo.

Nilikubali kwa kiburi, sina sababu nyingine. Nilitaka kuona kazi yangu ikibeba upepo, na nilitaka wanawake wa sokoni wanione nikipanda.

Mama alikuwa anamenya mihogo nilipomwambia. Hakupaza sauti. Mimi ndiye niliyepaza, nikamwambia kwamba nina miaka thelathini na nane, si mtoto. Akanijibu bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili chetu cha Kalemie, ambacho ndiyo yake ni njo, "Baba yako naye hakukuwa mutoto. Alisema njo atarudia kesho."

Nikachukua mfuko wangu nikatoka bila kuaga.

Bandari ilipokuwa bado karibu nilipungia watu mkono. Tulipopita mahali maji yanapogeuka kuwa meusi, upepo wa kusini ulitushika, yoti ikalala ubavu, na mimi nikaacha kabisa kupunga. Nilishika kamba ya kwanza niliyoiona. Wazungu walikuwa wanacheka kwa raha, na mimi macho yangu yalikuwa juu kwenye mshono. Nilijua kila mahali nilipokuwa nimechoka, kila mahali nilipojiambia kwamba hapo panatosha. Upepo ulivuta hapo hapo. Niliomba Mungu, kisha nikauomba uzi. Wimbi moja likaingia likalowesha mfuko wangu pamoja na simu, na simu ikafa.

Kisiwa chenyewe kilikuwa na bandari ndogo kama kiganja, maji safi mpaka unaona nanga imelala kwenye mchanga. Wavuvi walikuja na mitumbwi kutuuzia samaki wa kuhe. Mkubwa wa ufuko, anayeandika wanaoingia na kutoka, akazikagua karatasi za wazungu, akaniuliza mimi nimefuata nini. Nikamwambia nimefuata mshono. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyeugua malaria ya kichwa. Kilikuwa kisiwa kizuri, nasikia. Mimi nilikaa ufukoni nikihesabu saa za kurudi.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilifanya kosa langu. Turubai la kivuli lilikuwa limechanika njiani, na nilijua jua la ziwani litaniua kabla ya mawimbi. Nikaomba panga, nikakata matawi marefu ya mchikichi, nikayafunga nyuma, juu ya mahali nilipopanga kujilaza. Niliyafunga kwa mikono yangu. Niliwaza kivuli tu.

Haikupita saa moja, nikaanza kutapika. Mama mzungu akanishusha ndani, kwenye kitanda chembamba, akanipa ndoo, na huko nikalala nimefumba macho nikisikiliza maji yakigonga ubao karibu na sikio langu. Nilipokuja kuamka palikuwa kimya. Yoti haikusogea. Nilitambaa mpaka juu nikaona Kalemie mbele yetu, mabati ya bandarini yakimetameta, na upepo umekufa. Mashine ya yoti nayo ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Tulikuwa tunaelea.

Kisha nikatazama mbele. Matawi yalikuwa yamemzuia mzee kushika usukani, naye, kwa kuwa ni mtu nadhifu, alikuwa ameyahamishia mbele kabisa, moja kulia, moja kushoto, yameinama vizuri.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Matawi ya mchikichi kwenye lango yanasema kuna kilio ndani. Gari lenye matawi mbele linabeba maiti, na njia nzima inasimama. Mtumbwi vilevile. Na sisi tulitoka watatu. Bandarini pale kuna askari mwenye darubini na vijana wasio na kazi wenye macho kuliko darubini. Walikuwa wameona matawi, na kofia mbili za wazungu. Fundi hawakumwona.

Niliyang'oa nikayatupa majini. Nikapanda mbele nikavua kitenge changu cha begani nikapunga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikamuuliza mzee wamekuwa wakielea hapo kwa muda gani. Akasema saa mbili, tafadhali, na akauliza kama naumwa bado. Simu zao zilikuwa na laini za ng'ambo na zingeweza kupiga, lakini namba ya mama sikuijua kichwani. Nani siku hizi anajua namba ya mama yake? Nilijaribu tatu zilizofanana nayo. Ya mwisho ilipokelewa na mwanamume wa Lubumbashi.

Niliogopa sana mawimbi siku iliyotangulia, lakini hofu ile ilikuwa ya mwilini, inapita. Hii haikupita. Mama ana presha. Daktari alimkataza chumvi, akamkataza habari za ghafla, na sisi nyumbani hata mbuzi akifa tunamwambia kidogo kidogo. Nikaona kiti chake nyuma ya nyumba, nikaona watu wakipanda kilima kumwendea, na mimi hapa maji matupu miguuni, siwezi kukimbia wala kupiga kelele zikafika. Nililia kwa sauti, sikuona haya.

Hatimaye mtumbwi wa injini ulitoka bandarini kutuvuta. Wanaume watatu ndani, wamevua kofia, wamepunguza mwendo kwa heshima. Aliyekuwa mbele ni jirani yetu. Aliponiona nimesimama, kamba ilimtoka mkononi.

"Tuliona bazungu wawili tu," akasema. "Tulisema njo wewe uko ndani."

"Mama anajua?"

Akaanza kuitafuta kamba majini. Kisha akatoa simu yake akampigia mkewe. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Penye kilio hakuna anayesikia simu, na sote wawili tulilijua hilo, ila yeye aliendelea kupiga.

Gatini watu walikuwa wengi. Niliposhuka walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Mwanamke mmoja ninayemshonea akanigusa mkono haraka akauondoa. Ndipo watu wakaachana katikati, na mama akaja, ameshikwa na shangazi zangu wawili, kitenge kimefungwa kiunoni kama wafiwa wanavyofunga. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imenyolewa.

Kwetu kunyoa huja baada ya maziko. Shangazi alinieleza baadaye kwamba mama ndiye aliyedai wembe, palepale, kabla ya kuuona mwili. Kwa baba alingoja mwili, na safari hii alisema hangoji tena. Wembe ulikuwa umefika katikati ya utosi mtu alipopanda kilima akihema kusema kwamba askari wa darubini ameona mtu wa tatu akipunga kitenge. Hawakumwamini, lakini waliteremka.

Mama hakunikumbatia. Alinishika mabega, akashuka mikononi, akainama akanishika miguu yote miwili, polepole, jinsi anavyokagua mtoto mchanga.

"Njo wewe?"

"Njo mimi, mama."

Akakaa chini kwenye saruji, jua linamchoma upande ule mweupe wa kichwa. Shangazi akataka kumfunika, akakataa. Alisema hawezi kupita sokoni nusu hivi, wamalize. Mwenye wembe alikuwepo kwenye umati, ameufunga kwenye leso, lakini aliogopa kuushika tena. Nikauchukua mimi.

Nilipiga magoti nyuma yake. Watu wakatuzunguka kutufanyia kivuli. Mama akaupapasa mkono wangu, ule ulioshona tanga siku tatu, akaushikilia kidogo juu ya kichwa chake kabla sijaanza.

"Pole pole," akasema. "Utanikata."