Kioo cha Kona ya Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya maji, kipande cha sabuni ya mche na mpira mweusi uliojikunja kama utumbo wa mbuzi. Foromani wa karakana ya serikali pale Dodoma, mzee mfupi mwenye viraka kwenye magoti ya ovaroli, aliniambia niuoshe mpira ule mpaka ulie. Niliuosha asubuhi nzima. Ulipoanza kulia kati ya vidole vyangu aliupokea, akaunusa, akasema, "Huu sasa unaweza kushika kioo. Wewe bado."

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikujua kitu. Nilifanya kazi hiyo ya vioo na mipira ya magari mpaka nilipostaafu, na karibu yote ilikuwa kwenye landrova za zamani. Nayaandika haya kwa vijana wanaoingia kwenye ufundi huu. Lakini nayaandika pia kwa sababu nilivunja kioo kimoja, na mtu mwingine akabeba lawama yake hadi kaburini. Mwezi uliopita nilipata nafasi ya kurekebisha, na niliogopa nisije nikashindwa mara ya pili.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Landrova ile ya zamani ina vioo viwili vidogo nyuma ya dereva, kimoja kila kona. Vimepinda kama kiganja kilichokunjwa kidogo. Kila kimoja hushikwa na mpira wenye mifereji miwili: mmoja unakumbatia kioo, mwingine unakaa kwenye ukingo wa bati la gari. Ukishauvisha mpira kwenye kioo, unalaza kamba nyembamba ndani ya ule mfereji wa bati, kuzunguka kote, ncha zake zikutane chini katikati. Unapaka maji ya sabuni. Usipake mafuta, hata kama mpira ni mgumu, maana mafuta huuvimbisha na mwaka haupiti utakuwa umeoza. Kisha mmoja anaingia ndani ya gari na kuvuta kamba taratibu, na mwenzake anasimama nje akikipigapiga kioo kwa kiganja, palepale kamba inapopita. Mdomo wa mpira unaruka ukingo wa bati kidogo kidogo, tap, tap, tap, mpaka kioo kinakaa. Mwisho unasukuma ulimi, yaani ule ukanda mwembamba wa kukaza mpira, na kazi imekwisha.

Sijui niwaelezeje raha ya kioo kinapokaa. Unaisikia kwenye meno. Hata leo nikisimulia mikono inanicheza.

Mwenzangu wa nje alikuwa Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, aliyenitangulia kazini miaka miwili. Yeye alipiga, mimi nilivuta, na tulitaniana kupitia kioo kuanzia kamba ya kwanza hadi ya mwisho.

"Mgogo, vuta polepole, huo si mkia wa ndama."

"Na wewe piga, Mrangi. Unakipapasa kama unapepeta ulezi wa mama mkwe."

Matani hayo yalikuwa na kazi yake. Kwa kusikia sauti yake nilijua kiganja chake kipo wapi. Akinyamaza, nami nilisimamisha kamba.

Foromani alikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona karakana nyingine yoyote. Kabla ya kuweka kioo, watu wawili walisimama wakitazamana, kioo kikiwa katikati yao, naye akauliza, "Mna neno?" Kama una kinyongo na mwenzako unakisema hapo hapo, hata kama ni kuhusu ugali wa jana. Ukikaa nacho, hukishiki kioo. Fundi mmoja mgeni alicheka akadhani ni ushirikina. Foromani akamjibu, "Mtu aliyenuna hasikilizi. Kioo kinataka msikilizane."

Baada ya miaka michache mimi na Rama tulihamishiwa Mpwapwa, chini ya Mhandisi wa Wilaya, mtu wa haraka aliyetembea na kalamu tatu mfukoni. Kule kulikuwa na Bibi Mifugo, ndivyo tulivyomwita afisa mifugo wa wilaya, mwanamke mkali aliyeendesha landrova yake mwenyewe hadi milima ya Kibakwe kuchanja ng'ombe. Alilalamika kwamba vumbi linaingia kwenye makasha ya chanjo. Alikuwa na haki. Mipira ya gari zima ilikuwa imekufa. Tulibadilisha ya milango, tukabadilisha ya paa, tukabakiza vioo vya kona.

Asubuhi ile mimi na Rama tulikuwa tumenuniana. Jambo lenyewe aibu hata kulitaja: alikuwa amepangusa mpira wa mlango kwa taulo langu jipya la kuogea. Foromani wa Dodoma hakuwepo wa kutuuliza kama tuna neno, na Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa. Tukaanza kimya kimya. Kioo cha kulia kikakaa. Cha kushoto, nilipofika kwenye kona ya juu, Rama alikuwa bado yuko chini akikandamiza sehemu iliyogoma. Nilijua hajafika, maana kiganja chake nilikiona. Nikavuta kwa hasira.

Kioo kililia mara moja tu, tik, kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Ufa ukakimbia kutoka kona hadi kona.

Mhandisi akaingia. "Nani?"

"Ni mimi, mzee," Rama akasema. "Nimekipiga vibaya."

Jioni nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe ni kibarua na mkeo ana mimba. Wakikufukuza leo utakwenda wapi? Mimi nimeajiriwa, na mdomo wa kujitetea ninao."

Hakujitetea. Aliandikiwa barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake. Kioo kingine hakikupatikana, tukapigilia kipande cha bati mahali pake, na Bibi Mifugo akawa anafungua mlango na kuchungulia kila anaporudi nyuma. Wakati wa kuchagua foromani mpya ulipofika, nami nikiwa nimeshaajiriwa, walifungua mafaili yetu mawili. La Rama lilikuwa na onyo, langu lilikuwa safi. Nikawa foromani mimi. Rama alinipongeza kwa mikono miwili, akanifanyia kazi mpaka tulipostaafu, na sikuwahi kusema. Siku zote nilijiambia nitasema mwakani.

Mwaka jana Rama alifariki. Nilikwenda Kondoa, nikashika jembe kaburini na wanawe. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema wema wake. Mimi sikusimama. Tangu hapo sikushika kioo tena.

Ndipo mwezi uliopita Bibi Mifugo akanipigia simu. Siku hizi amestaafu, anakaa Msalato, na landrova yake ileile aliinunua kwenye mnada ilipochakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Yona. Nimepata kioo."

"Kioo gani?"

"Cha kona ya kushoto. Kuna gari bovu Hombolo, kuku walikuwa wanalala ndani yake. Kizima kabisa. Njoo ukiweke, maana kama hiki sitapata kingine."

Nilimjibu mkono wangu umelala na mwenzangu hayupo. Akakata simu. Siku mbili baadaye nikajikuta naosha mpira mpya kwenye beseni la nyumbani mpaka ukalia.

Nilimkuta uani ameondoa lile bati mwenyewe kwa patasi. "Umezeeka vibaya," akaniambia. Nikamuuliza nani atapiga. "Mimi. Mikono hii imepima mimba za ng'ombe wilaya nzima, itashindwa na kioo?" Kisha akacheka. "Na nitapiga vizuri kuliko yule marehemu Rama wako aliyenivunjia cha kwanza."

Tulivisha mpira, tukalaza kamba, tukapaka sabuni. Akakiinua kioo, akasimama mbele yangu.

"Mama, kuna utaratibu. Kabla ya kuweka tunaulizana. Una neno nami?"

"Ninalo. Umechelewa siku mbili. Na wewe?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya taulo, ya kamba, ya kiganja nilichokiona. Nikamweleza barua ya onyo na cheo nilichokikalia miaka yote ile. Sikupunguza kitu.

Alikilaza kioo juu ya gunia, akakaa kwenye kigoda.

"Ile barua ya onyo niliidai mimi," alisema. "Mhandisi alitaka kusamehe. Nikamwambia asipoiandika ile barua nitakwenda mkoani." Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Na miaka yote nimemtania mtu ambaye hakufanya." Akainuka. "Ingia ndani. Shika kamba."

Nilivuta kama ninavyowafundisha hapa, nikianzia chini katikati. Hakujua matani, lakini kila alipopiga alisema, "Hapa. Hapa. Hapa," na mimi nikamfuata. Tulipofika kona ya juu akanyamaza. Nikasimama. Alikuwa anahamisha kiganja. "Hapa," akasema, nikavuta, na mdomo wa mpira ukaruka bati kwa sauti ile niliyodhani sitaisikia tena. Kioo kikakaa. Nilicheka peke yangu ndani ya gari kama mwendawazimu, naye akanitazama kupitia kioo safi akiwa na mapovu mpaka kwenye viwiko.

Sikumwambia twende Kondoa. Alisema yeye, na Jumamosi tukaenda, yeye akiendesha. Kustaafu, nimeona, kunakupa muda wa kufanya kitu ulichokuwa unakikwepa kwa kusingizia kazi. Sina funzo jingine kubwa kuliko hilo, na wala halihusu vioo.

Mama Hadija, mjane wa Rama, alitupokea uani kwake akiwa na sufuria ya wali mkononi. Bibi Mifugo hajazoea kuomba radhi, na hakukaa kwanza. Alisimama akamwambia kwamba mumewe hakuvunja kile kioo, kwamba barua ile ilikuwa ya dhuluma, na kwamba yeye aliyeidai amekuja kusema hivyo mbele ya watoto wake wote.

Mama Hadija alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka sufuria chini.

"Sasa nani alivunja?"

Niliinua mkono, kama mwanafunzi darasani.

Alinitazama, mimi niliyekula nyumbani kwake sikukuu zote nikiwa nimenyamaza. Kisha akamgeukia mwanawe wa kwanza.

"Mletee baba yako mdogo maji," alisema. "Anawe mikono, ale."