Ukuta wa Faridi

Amissi wa Mushasha, hapa Gitega, ni mzimamoto anayefika moto ukiwa umeshachoka. Ndivyo tunavyomtania mtaani. Wenzake hupigana na ndimi za moto. Yeye hubaki kuchokonoa majivu na kukataza watu wasivue barakoa. Atakukataza hata kama barakoa ni yako na pua ni yako.

Juzi waliitwa Muyinga kusaidia. Duka la vitenge la Faridi lilikuwa limeungua tangu alfajiri. Walipofika, paa lilikuwa chini, kuta zimesimama, watu wamekwisha kuleta Fanta za shukrani. Adriano, mwenzake Amissi, aliingia kufukua majora yaliyokuwa bado yanafuka. Barakoa ilining'inia shingoni kama kitambaa cha mtoto anayelishwa uji.

Amissi aligusa ukuta wa nyuma. Umepakwa saruji safi, lakini chini ulikuwa unatoa maji mekundu. Akamwuliza Faridi umejengwa kwa kitu gani. Matofali ya kuchoma, akajibu Faridi, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wakwe zake waliosimama pale. Miaka sita alikuwa akiwaambia hivyohivyo.

Mkuu wao akatosheka. Mwenye nyumba si ndiye anayejua? Amissi alipomwita Adriano atoke, Adriano akacheka huko ndani: "Mzee, sasa unaogopa hata ukuta?"

Amissi alikwaruza saruji kwa shoka, kidole kikazama kama kwenye ugali. Akamsogelea Faridi, akasema polepole:

"We unajua. Yule ndani iko na watoto wawili. Sema mbele ya wakwe zako."

Faridi aliwatazama wakwe, akatazama viatu vyake. Maji mekundu yalikuwa yamefika mlangoni.

"Ni udongo," akasema. "Matofali mabichi. Nilipaka tu juu."

Mkuu akapiga filimbi. Adriano alitoka akinung'unika, na kabla hajamaliza neno ukuta ulikaa chini nyuma yake, taratibu, bila kelele nyingi. Buti lake moja lilibaki humo.

Hakuna aliyecheka. Chini ya kifusi moshi uliendelea kupanda, mweusi zaidi. Kuta tatu zilikuwa bado zimesimama, za saruji ileile. Moto ulitaka maji, na maji ndiyo yaliyokuwa yanakula kuta. Amissi akawarudisha watu wote ng'ambo ya barabara, na wakwe pia, kisha akamvalisha Adriano barakoa kwa mikono yake mwenyewe.