Vidole Vyeusi vya Darasa la Tano

Enzi zetu, na ninyi mliosoma Kalemie wakati wa Zaire mnanielewa, mtoto alikwenda masomoni na fagio lake mkononi. Asubuhi tulisimama mbele ya bendera tukiimba mpaka mishipa ya shingo inatoka, upepo wa ziwa unatupigapiga sketi na kaptula za bluu, na tumboni mna mkate mmoja tu wa mafuta ulionunuliwa kando ya reli. Jumamosi ilikuwa salongo: wasichana tunafagia, wavulana wanakata majani, mwalimu anapita katikati na fimbo yake. Leo wajukuu zangu ukiwaambia waokote karatasi moja, wanakuuliza kama iko kwenye programu.

Mabenchi ya darasa la tano yalitengenezwa kwa watoto watatu, nasi tulikaa wanne. Mimi, Feza, nilikuwa mrefu, kwa hiyo niliwekwa nyuma kabisa. Tablo yetu, ule ubao wa kuandikia, ilikuwa ya mbao, na ilikuwa imechujuka mpaka ikawa kijivu. Hebu jaribu kusoma hesabu za chaki nyeupe juu ya kijivu ukiwa umekaa ukutani! Rangi haikuletwa. Basi nikakumbuka namna katekista wa mtaa wetu alivyokuwa akipaka ubao wa kanisa, nikaamua kupaka wetu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katikati ya wiki nilishuka pwani kwa wavuvi waliotoka kaskazini, pande za Fizi, kuomba mawe ya radio, yaani betri, yaliyokufa. Hawa walisikiliza mpira na muziki mchana kutwa, kwa hiyo sikukosa. Jumamosi, salongo ikiisha na wenzangu wakikimbilia kuruka kamba, nilipasua yale mawe, nikatoa unga mweusi wa ndani, nikautwanga pamoja na makaa na majani mabichi ya muhogo. Maji ya yale majani ndiyo yanayoshikisha rangi. Kisha kitambaa, na kusugua kutoka juu kwenda chini, mara mbili. Jumatatu tablo ilikuwa nyeusi tii, na kila mtu aliketi akaandika, wala hakuna aliyeuliza. Ilipofika Ijumaa ilikuwa imeanza tena kuchujuka, kwa hiyo kila Jumamosi nilirudia.

Daktari wa leo angenipigia kelele kwa kushika ule unga. Ila aliyenipigia kelele wakati ule alikuwa Mwalimu. Kila Jumatatu alikagua kucha, na kila Jumatatu vyangu vilikuwa vidole vyeusi, maana rangi ile haitoki kwa sabuni ya siku moja. “Feza! Tena?” Nikanyoosha mikono, rula ikashuka. Halafu aligeuka, akaanza kuandika tarehe kwenye tablo niliyoipaka mimi. Msinicheke kwamba sikusema. Enzi zetu mtoto hakujieleza mbele ya mwalimu, ukijieleza, unaongezewa.

Hesabu hazikuniingia vizuri, sitawadanganya. Na mwisho wa mwaka kulikuwa na proklamasio: wazazi wamejaa uwanjani, Direkta, mkuu wa shule, anasoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Desturi yetu mnaijua, mtoto aliyefaulu vizuri anamwagiwa pudra kichwani mpaka anakuwa mweupe kama mwokaji. Mama, aliyekuwa akianika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alikuja kila mwaka na kopo la pudra kwenye kikapu chake. Kila mwaka alirudi nalo halijafunguliwa. Mwanzo wa mwaka ule aliniita, akaliweka lile kopo mbele yangu.

“Feza, nimechoka kurudisha hii pudra ku nyumba. Huu mwaka, kama jina yako inatoka tena ku mukia, utabakia na miye ku ndagala.”

Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilipenda masomo hata kama masomo hayakuonekana kunipenda.

Muhula wa mwisho bibi yangu alifariki Niemba, tukaenda kumzika. Ilikuwa turudi baada ya siku chache, lakini gari la moshi la wakati ule lilikuja lilipotaka, tukakaa majuma matatu. Huku nyuma tablo ikaanza tena kuwa kijivu, na habari zikafika kwamba Inspekta anakuja. Kilumba, mtoto wa kwanza wa darasa, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye reli, akaona ni nafasi yake ya kung'ara. Akaomba mafuta machafu kwenye garaji ya gari la moshi, akaipaka tablo yote. Nilirudi siku ileile ya Inspekta. Nilipoingia nilishangaa: tablo ilimetameta kama viatu vya bwana harusi.

Inspekta akaketi. Mwalimu akachukua chaki, akaandika, na chaki ikateleza bila kuacha hata alama. Akakandamiza. Chaki ikavunjika.

“Sitwayen Mwalimu,” Inspekta akauliza, maana wakati wa Zaire kila mtu mzima aliitwa sitwayen, raia, “unaandika ao unapanguza?”

Kilumba akasimama. “Njo miye, Mwalimu. Nilizani itang'ara.”

“Na siku zote, njo nani anapakaka hii tablo?” Inspekta akauliza.

“Njo Papa Mulinzi,” Mwalimu akajibu haraka, na naapa aliamini hivyo.

Papa Mulinzi, mzee aliyelinda mlango, alikuwa anachungulia dirishani. “Miye? Miye nachungaka mulango tu! Njo ule mutoto wa nyuma, wa vidole nyeusi. Kila Jumamosi anabakiaka hapa peke yake.”

Darasa zima likageuka. Mwalimu akanitazama mikono, na baada ya majuma matatu ya Niemba, siku hiyo ilikuwa safi kabisa. Inspekta akasema atarudi Alhamisi, naye atasoma kutoka benchi la nyuma.

Siku zile mbili, jamani, nilikuwa mkubwa. Mimi wa mkiani nilimtuma huyu majivu, yule mchanga wa ziwa, tukasugua mafuta mpaka ubao ukakauka. Kilumba nilimpa kutwanga majani ya muhogo. “Ongeza nguvu, Kilumba, haiko hesabu hii!” Alitwanga, na mwisho akaniomba nimwonyeshe namna ya kushika kitambaa. Mwalimu mwenyewe alibeba maji. Alhamisi Inspekta aliketi mahali pangu, akasoma kila mstari kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ikafika proklamasio. Nilikuwa nimejitahidi, lakini jina langu lilitoka palepale, karibu na mwisho. Nilimwona Mama akijifunga kitenge vizuri, anachukua kikapu, anataka kuondoka.

“Wazazi, mungoje kidogo,” Direkta akasema. “Mwalimu iko na neno.”

Mwalimu akaniita mbele, akaninyanyua mikono yote miwili ili watu waione. Ilikuwa imerudia weusi wake.

“Kila neno watoto yenu walisoma huu mwaka, walisoma juu ya kazi ya hii mikono. Hakuna mutu alimutuma. Na miye, Mwalimu, niliipiga na rula kila Jumatatu. Feza, unisamehe.”

Mwalimu kumwomba mtoto msamaha mbele ya watu! Vigelegele vikapasuka, na sauti ya kwanza ilikuwa ya Mama. Alikuja mbio, kitenge kinafunguka, kopo mkononi, akipigana na kifuniko kilichoshika kutu kwa miaka. Hakunimwagia kichwani. Alinishika vidole, akavimwagia pudra yote, kimoja kimoja, akilia na kucheka. Septemba aliniamsha mwenyewe kwenda masomoni, na mimi niliendelea mpaka nikawa mwalimu.

Siku hizi kuna diploma ya kila kitu, hata mtoto wa shule ya chekechea anavaa joho. Sikatai, wafurahie. Juzi mjukuu wangu Riziki alinisifia tablo yao mpya, nyeupe, ya kuandikwa kwa kalamu. Nikamuuliza nani anaisafisha.

“Sijuwe, Nkambo. Tunaikutaka tu safi.”

“Iko mutoto anaisafishaka,” nikamwambia. “Kesho ukifika, muulize jina yake.”