Siku Nilipomwandikia Mzee Marwa Anyonyeshe

Jamani, hii aibu nimeifichaga miezi mingi, ila kwa vile kicheko chake kimeshafika mpaka Bweri bila mimi, bora niwasimulie mwenyewe.

Kwenye kituo chetu cha afya, huku Butiama, habari za mgonjwa tulikuwaga tunaziandika kwa kalamu, kila nesi na lugha yake (mimi nilikuwaga naandika "anaendelea vizuri kidogo", msiniulize maana yake), mpaka ikaja kompyuta na orodha ya maneno maalumu: tatizo la mgonjwa unalichagua humo humo, ili nesi wa zamu yoyote aelewe vilevile, na ukishachagua, yenyewe inamjulisha anayehusika. Metroni akasema atakayemaliza wa kwanza kuwaingiza wagonjwa wake atawafundisha wenzake. Mimi na sifa tena! Nilipofika kwa Mzee Marwa, mchimbaji wa Buhemba aliyevunjika mguu, nikaandika maneno yangu, kompyuta ikakataa, nikarudia, ikakataa, basi nikabonyeza neno la kwanza kwenye orodha bila kulisoma, nikanyoosha mkono juu: "Nimemaliza!"

Saa saba mchana, wodi ya wanaume imejaa ndugu waliokuja kuwaona wagonjwa, akaingia Sista Rehema wa wodi ya wazazi.

"Marwa ni nani? Kompyuta inasema anahitaji kusaidiwa kunyonyesha. Mtoto yuko wapi?"

Mke wa Marwa, Mama Bhoke, ndiyo kwanza anafungua hotipoti ya ugali na sato. Akaweka kifuniko chini taratibu.

"Marwa. Mtoto gani?"

"Mama Bhoke, mimi sijui kitu!"

"Hujui, na kompyuta inajua?"

Mzee wa watu jasho linamtoka, ndugu zake wanaangalia dari. Ikabidi nijipenyeze katikati ya watu wote wale.

"Mama, nisamehe, ni mimi. Nilibonyeza bila kusoma."

Akaniangalia, akamwangalia mume wake na ndevu zake, halafu akaangua kicheko, na wodi nzima ikafuata, hata Mzee Marwa mwenyewe, kashikilia paja: "Acheni, jamani, mguu unauma!"

Metroni naye alikuwa mlangoni, akaniuliza: "Hayo maumivu uliyaandika?"

Sikuyaandika. Nikayachagua palepale, mbele ya macho yao yote, ndipo dawa ikaletwa, na hapo kicheko changu kikaisha maana mzee alikuwa anavumilia tangu asubuhi.

Tangu siku ile nasoma kila neno mpaka mwisho, na mkinikuta kwenye kompyuta, msiniharakishe.