Nywila ya Ofisi Nzima

Hasira yangu na ile ofisi haijapoa, na sina mpango wa kuipoza.

Nilikuwa naliandikia gazeti lao la mtandaoni habari za Mbeere nikiishi Siakago, wao wakiwa Embu mjini, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo. Habari zetu tulizituma kwenye seva, na seva haikumfungulia mtu mpaka aandike jina lake na nywila yake. Habari ikishachapishwa, jina lililoingia ndilo lililotokea juu yake. Ni mpango mzuri kabisa, kama ungeachwa hivyo.

Lakini huku kwetu mtu anayefunga vitu vyake husemwa. Jirani akija kuomba moto au chumvi hakuti kufuli jikoni, na mama anayetia kufuli hujulikana soko zima kuwa ni mchoyo. Mhariri wetu aliileta desturi hiyo ofisini. Mtandao ukipotea Siakago, alisema, mwenzako wa Embu akuingizie habari kwa jina lako. Kwa hivyo sote tulitumia nywila moja, iliyoandikwa kwenye kipande cha katoni na kubandikwa ukutani juu ya chupa ya chai. Hata waliopita kunywa chai tu waliisoma.

Nilibadilisha yangu. Kesho yake mhariri alinipigia simu akiwa amewasha spika, wenzangu wote wakisikiliza, akaniuliza ni nini hicho ninachowaficha watu wa nyumbani. Mmoja alicheka akasema nimeanza maringo. Niliirudisha ile ya katoni huku nimeuma meno.

Basi siku moja ya soko nikashuka Ishiara kununua nyama kwa mchinjaji niliyemzoea, mzee Mwislamu mwenye bucha karibu na stendi. Watu wa kanisani na wa msikitini wote waliwaamini mbuzi wake. Mchana bucha hiyo huwa haina pa kusimama. Siku hiyo nyama ilikuwa imening'inia nzima, nzi wakiizunguka, na yeye ameketi. Alinigeuzia simu nisome.

Ilikuwa habari kwamba anauza mbuzi waliojifia wenyewe, hawakuchinjwa. Juu yake kulikuwa na jina langu.

Kwa mtu wa dini yake, huko ni kumvua nguo sokoni. Kwa sisi wengine ni kuambiwa tumelishwa mizoga. Nilimwambia si mimi, nikaapa kwa watoto wangu. Alinisikiliza akifuta kisu ambacho hakikuwa na damu. Alisema mambo yakiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi, atafunga bucha arudi kulima.

Nilipanda hadi Embu siku hiyo hiyo. Nilifoka mpaka mwenye duka la dawa akaja ngazini kuchungulia. Nani aliandika? Kila mtu alikuwa anashughulika na kikombe chake, na mpaka leo simjui. Mhariri alifungua kompyuta, akanionyesha jina langu, akasema kwa upole ulioniudhi kuliko tusi:

"Seva inasema ni wewe, madam. Sasa sisi tutabishana na mashine aje?"

Yule yule aliyenikataza kufunga sasa alinihukumu kana kwamba ufunguo ulikuwa wangu peke yangu. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo sitayaandika hapa. Aliniacha nimalize. Kisha akanieleza kwamba kuiondoa habari ni rahisi, ila watu wameshaisoma na kutumiana. Wa kumsafisha mchinjaji ni mmoja tu, yule aliyeandika, naye lazima aombe radhi kwa jina lake. Ofisi haikuwa na la kuomba radhi.

Niliketi kwenye ngazi, nikalia kwa hasira, nikaiona akilini bucha ile imefungwa. Nikarudi ndani. Niliandika kwamba habari ilikuwa uongo mtupu, kwamba mbuzi wa mzee huyo huchinjwa na kukaguliwa kama inavyotakiwa, na kwamba ninaomba radhi. Mwisho niliongeza kwamba aliyeiandika hakuwa mimi. Nilipofika Siakago, sentensi hiyo ilikuwa imefutwa. Imefutwa kwa jina langu.

Sikuwaandikia tena.

Nilikaa wiki kadhaa kabla ya kushuka Ishiara. Bucha ilikuwa imejaa, watu wakisukumana na kupiga kelele wakatiwe mbavu. Nilimshukuru Mungu, nikapanga foleni. Mzee alinikatia kilo yangu, nyama nzuri, hata mfupa hakunizidishia, akaifunga kwa gazeti. Nikaona ni lazima nimwambie tena kwamba si mimi. Alinitazama bila chuki yoyote, kisu mkononi.

"Kama si wewe," aliniuliza, "ulikuwa unaomba msamaha ya nini?"